Kiazi Hakipo, Viazi Vipo: Kutafuta kwa Macho Ndani ya Lundo la Nyaraka

Andika neno "kiazi" kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba ya kidijitali. Huenda ukajibiwa kwamba hakuna kitu. Ndani ya maktaba hiyohiyo zimo ripoti za mbegu za viazi, picha za lumbesa zimepangwa kando ya barabara, barua za wakulima na bei za masoko. Ila hakuna aliyeandika "kiazi". Mmoja kaandika viazi mviringo, mwingine viazi ulaya, mwingine mbatata, na nyaraka za kale zimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Aliyetafuta anafunga ukurasa na kuwaambia wenzake kwamba kuhusu viazi hakuna taarifa. Amedanganywa na kisanduku, na hana njia ya kujua kwamba amedanganywa.

Kisanduku kinamfaa anayejua jina la kitu na namna lilivyoandikwa. Asiyejua anahitaji kuona kilichopo kabla ya kuuliza. Hapo ndipo mchoro unaojibu una kazi: ramani unayoweza kuivuta, nguzo za miaka unazoweza kuzigusa, vichujio vinavyoonyesha idadi. Nasema "unaojibu" kwa makusudi, maana mchoro uliolala tu kwenye ukurasa ni pambo la ripoti. Unaojibu, ukiushika mahali pamoja, sehemu zake nyingine zote zinabadilika.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mkusanyiko wa kufikirika wa vitu 12,000 kutoka Nyanda za Juu Kusini: picha, ripoti za kilimo, ramani, barua na vipande vya magazeti, kuanzia miaka ya 1890 hadi leo. Kwa ukubwa huo hakuna mtu atakayeusoma wote, lakini orodha yake nzima inaingia kwenye simu ya kawaida. Maktaba nyingi za vyuo, parokia, halmashauri na vyama vya ushirika zikiamua kuskani makabati yao zitaangukia karibu na hapo.

Kiswahili kinabadilika mbele

Kabla ya michoro, tumalizane na kisanduku, kwa sababu kwetu sisi kina tatizo la ziada ambalo wauzaji wa programu hawalitaji. Programu nyingi za kutafuta zimejengwa kwa lugha zinazobadilisha neno mwishoni. Zinakata kiambishi tamati, zinabaki na shina, na kazi imekwisha. Kiswahili kinabadilisha mwanzo: shamba na mashamba, kiazi na viazi, mti na miti, mkulima na wakulima. Hata ule msaada wa kukamilisha neno unapoandika herufi 3 za kwanza unakupoteza, kwa sababu anayeandika "sha" hatapewa "mashamba" kamwe. PostgreSQL, kanzidata ya bure inayotumika sana, huja na kanuni za kutafuta kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo.

Watu wengi hukimbilia njia ya vipande vya herufi 3. Kanzidata hiyo ina kiongezo kinachokata kila neno vipande vya herufi tatutatu, nafasi tupu za pembeni zikiwamo, kisha kinalinganisha. "Kiazi" na "viazi" yanashirikiana vipande 3 kati ya 9, sawa na 0.33. Kizingiti cha kawaida ni 0.3, kwa hiyo yanapita. Jaribu "mti" na "miti": vipande 2 kati ya 7, kama 0.29, na hapo mlango umefungwa kwa nywele moja. "Kilimo" na "mkulima" wanashirikiana kipande kimoja tu kati ya 14. Ukishusha kizingiti ili mti upite, utafurikwa na maneno yasiyohusiana. Njia hii itumie, lakini usiitegemee peke yake.

Halafu kuna king'ong'o, ile sauti ya ng'. Jina la Wanging'ombe, wilaya ya huko Njombe, huandikwa kwa alama iliyonyooka, kwa alama iliyopinda, na wakati mwingine bila alama kabisa. Kwa jicho ni neno moja, kwa kompyuta ni maneno 3. Dawa yake ni ndogo: tengeneza safu ya pili iliyofichwa ambamo alama zote hizo zimeondolewa na herufi zote ni ndogo, tafuta humo, kisha onyesha ile ya asili.

Kichujio kinachoonekana kinakwepa balaa hili lote. Mtu akiona "Viazi mviringo (214)" mbele yake, hahitaji kukisia. Sokoni Mwanjelwa huulizi kama nyanya zipo. Unaona mafungu, unaona lipi kubwa, ndipo unauliza bei.

Yote kwanza

Mwaka 1996 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliandika kanuni ambayo wajenzi wa vitu hivi wanaikariri mpaka leo: onyesha yote kwa jumla kwanza, kisha mpe mtu uwezo wa kukaribia na kuchuja, undani umpe anapouomba. Miaka 4 kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wameonyesha programu ya kutafuta nyumba za kununua jijini Washington. Kila nyumba ilikuwa nukta kwenye ramani, pembeni kukawa na vitelezi vya bei, vyumba na umbali. Ukiburuta kitelezi, nukta zinatoweka na kurudi papo hapo. Hakuna kitufe cha "tafuta" wala fomu ya kujaza, na huwezi kuuliza swali lenye makosa ya tahajia.

Mgeni anayepanda mlima Loleza asubuhi isiyo na ukungu anauona mji wa Mbeya chini yake: barabara kuu, reli, paa za masoko. Hajajua jina la mtaa hata mmoja, lakini akishuka anajua aelekee wapi. Kanuni ya Shneiderman haizidi hapo. Kinachoshangaza ni jinsi kurasa nyingi za maktaba zinavyomshusha mgeni bondeni gizani na kumwambia ataje mtaa.

Kwa mkusanyiko wetu wa vitu 12,000 mimi ningeweka sehemu 4 tu kwenye ukurasa: nguzo za miaka juu, ramani katikati, vichujio pembeni (aina ya kitu, mada, lugha), na chini orodha ya vilivyobaki baada ya kuchuja. Sehemu zote 4 zifungwe kwa kamba moja. Ukigusa nguzo za 1970 hadi 1975, ramani ibaki na nukta za miaka hiyo, idadi za vichujio zibadilike, orodha ifupike. Usishangae nukta zikijipanga kama siafu kutoka Makambako kuelekea Mbeya na Tunduma, maana hiyo ni miaka ya ujenzi wa TAZARA na wapiga picha walifuata reli. Jambo la namna hiyo hulipati kwa kuandika neno. Unaliona, ndipo unatafuta jina lake.

Kuna kanuni moja ya vichujio inayokosewa hata na watu wazoefu. Ndani ya kichujio kimoja, chaguo mbili humaanisha "au": Rungwe na Kyela humaanisha kitu cha Rungwe au cha Kyela. Kati ya kichujio na kichujio, chaguo humaanisha "na": Rungwe, tena picha. Hapo wengi wanapatia. Wanapokosea ni katika kuhesabu. Idadi zinazoonyeshwa kwenye kichujio cha wilaya zihesabiwe kwa kuzingatia vichujio vingine vyote *isipokuwa chenyewe*. Usipofanya hivyo, mtu akichagua Rungwe, wilaya nyingine zote zitageuka 0, naye ataamini kwamba Kyela hakuna picha. Chaguo lenye 0 ya kweli lipauke na lisibonyezeke, ila lisitoweke, kwa sababu likitoweka orodha inarukaruka chini ya kidole na mtu anagusa kitu kingine.

Wazo la kupanga kitu kimoja kwa nyuso nyingi kwa wakati mmoja si la kompyuta. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan alilitoa mwaka 1933 kwa vitabu vya karatasi, akichoshwa na mfumo unaolazimisha kila kitabu kikae kwenye tawi moja tu la mti.

Mahali: hapa ndipo kazi ilipo

Ukiniuliza muda wa mradi kama huu unaishia wapi, nitakuambia hauishii kwenye kuchora. Unaishia kwenye safu ya mahali.

Anza na mipaka. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Iringa. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Kwa hiyo ripoti ya mwaka 1985 ya Makete au Ludewa imeandikwa "Mkoa wa Iringa", na ya Mbozi au Ileje imeandikwa "Mkoa wa Mbeya". Nenda nyuma zaidi, enzi za Mwingereza, unakuta jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini. Nenda kwa Mjerumani, Tukuyu inaitwa Neu Langenburg, na ukikuta "Langenburg" tupu kwenye karatasi ya miaka ya 1890 tahadhari, maana kituo cha kwanza chenye jina hilo kilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mbali na Tukuyu.

Ukibadilisha majina yote yawe ya leo, umeharibu nyaraka. Ukiyaacha yote kama yalivyo, mtu wa Njombe akichagua mkoa wake atapata vitu vya kuanzia 2012 tu na kudhani historia yake ilianza hapo. Jibu ni safu 4: jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi (hili haliguswi), jina la leo, latitudo na longitudo, na ngazi ya uhakika, yaani kijiji, kata, wilaya au mkoa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, na kurukwa kwake kunazaa uongo mbaya kuliko wote kwenye ramani za namna hii. Karatasi imesema "Iringa" tu, maana yake mkoa. Programu ya kutafuta viwianishi, yaani latitudo na longitudo, inairudisha katikati ya mji, au katikati ya mkoa, mahali ambapo pengine ni pori tupu. Baada ya siku chache una lundo la nukta 900 juu ya pori, na msomaji anajiuliza ni mkutano gani mkubwa ulifanyika pale. Vitu vya ngazi ya mkoa au wilaya visichorwe kama nukta. Paka rangi eneo zima na uandike idadi, au viweke kwenye kisanduku cha pembeni. Na vile visivyo na mahali kabisa viwe na kitufe chao, "Bila mahali", chenye idadi. Visipokuwa nacho, mtu anayetumia ramani hatavikuta maisha yake yote.

Makosa ya viwianishi yana saini zake, na ukizijua unayakamata kwa kutazama ramani dakika 5. Mbeya iko karibu na latitudo -8.9, longitudo 33.45. Ukizigeuza, yaani longitudo ikae mahali pa latitudo, Mbeya inatua baharini, Atlantiki, mbele kidogo ya pwani ya Moroko. Kosa hili ni la kila siku kwa sababu faili za GeoJSON, zinazohifadhi data za ramani, huandika longitudo kwanza, wakati Leaflet, programu inayotumika sana kuchora ramani kwenye kurasa, inataka latitudo kwanza. Ukisahau alama ya kutoa, Mbeya inahamia Sudan Kusini, upande wa mpaka wa Ethiopia. Seli tupu zikisomwa kama 0 na 0, unapata rundo kwenye Ghuba ya Guinea. Ukiona nukta sehemu hizo tatu usianze kurekebisha mojamoja. Kosa ni la safu nzima.

Kwa tahajia, OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali ya data, inafaa sana, nayo ni bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Njia yake ya kwanza huondoa alama na nafasi za ziada, hufanya herufi zote ndogo, kisha hupanga maneno kialfabeti. "RUNGWE, Wilaya" na "wilaya rungwe " vinakuwa kitu kimoja. "Wilaya ya Rungwe" haiingii, kwa sababu ya ile "ya". "Lungwe" pia haiingii. Hiyo inahitaji njia ya pili inayohesabu herufi ngapi zimebadilika kati ya neno na neno. Njia hii ya pili usiiamini ukiwa umesinzia. Kilolo ya Iringa na Kilosa ya Morogoro zinatofautiana herufi 2 tu. Igawa ya Mbarali na Igawilo ya jijini Mbeya zinafanana kwa jicho la haraka. Programu inapendekeza, anayekubali au kukataa ni mtu, na awe mtu anayeijua nchi. Kijana wa Dar es Salaam hata awe fundi namna gani hataweza kazi hii bila mzee wa huku pembeni yake.

Miaka isiyo na uhakika

Tarehe zina mtego wa aina ileile. Nyuma ya picha kumeandikwa "miaka ya 1950". Anayeingiza taarifa analazimishwa na fomu kuweka mwaka, anaweka 1950. Kwenye nguzo za miaka unaona 1950 imechomoza kama mnara, nayo 1951 hadi 1959 imelala chini. Programu nyingine hujaza tarehe 1 Januari pale mtu alipoandika mwaka tu, na ukichora kwa mwezi unakuta Januari ndiyo mwezi wenye shughuli nyingi kuliko yote, wakati kwetu Januari ni mvua na matope.

Weka safu mbili, mwanzo na mwisho. "Miaka ya 1950" iwe 1950 hadi 1959. "Baada ya vita" iwe kadiri mjuzi atakavyokadiria, na maneno ya asili yabaki kwenye safu yake. Wakati wa kuchora nguzo, kitu chenye miaka 10 kigawanywe sehemu ya kumi kwa kila mwaka, na sehemu hiyo ya makisio ipakwe rangi iliyopauka juu ya ile ya uhakika. Wakati wa kuchuja, kitu kionekane iwapo muda wake unagusa muda uliochaguliwa, hata kwa mwaka mmoja.

Excel ina kituko chake: haitambui tarehe yoyote kabla ya 1900. Karatasi ya Julai 1898, mwezi aliokufa Mkwawa, itabaki kama maandishi, wakati ya Julai 1901 itageuzwa kuwa tarehe. Ukipanga safu, nyaraka za karne ya 19 zinaruka na kutua mwisho wa orodha, baada ya zile za mwaka jana. Kwa mikusanyiko ya Kalenga na Iringa, ambako vita na Wajerumani ni nusu ya habari, hilo si jambo dogo. Andika mwaka, mwezi na siku katika safu 3 tofauti kama namba za kawaida, na tatizo linakwisha.

Simu, bando na kidole

Watumiaji wengi watakuja na simu. Upana wa ukurasa wa simu nyingi ni kama pikseli 360. Ukichora nguzo moja kwa kila mwaka kwa miaka zaidi ya 130, kila nguzo inapata chini ya pikseli 3, na hakuna kidole cha binadamu kinachogusa pikseli 3. Kwenye simu, kusanya kwa muongo: nguzo 14 za pikseli kama 25. Akigusa muongo, ufunguke uwe miaka 10. Maelezo yanayotokea mtu anapopitisha mshale wa kipanya juu ya nukta hayana maana kwenye simu, kwa hiyo yasibebe jambo lolote la lazima.

Kasi ndiyo inayofanya mchoro uwe wa kushikika. Mipaka inayofuatwa, aliyoieneza Jakob Nielsen mwaka 1993, ni hii: chini ya sekunde 0.1 mtu anahisi anakishika kitu kwa mkono wake, hadi sekunde 1 mawazo yake bado hayajakatika, na baada ya sekunde 10 ameshafungua WhatsApp. Kitelezi kinachohitaji kwenda kwenye seva na kurudi kila kinapoburutwa hakiwezi kufikia sekunde 0.1 kwa mtandao wa Ileje au Makete. Kwa hiyo uchujaji ufanyike ndani ya simu yenyewe.

Inawezekana, na hesabu ni hii. Maelezo kamili ya kitu kimoja yakiwa baiti 600, vitu 12,000 ni MB 7.2. Ni mzigo. Lakini kuchora na kuchuja hakuhitaji maelezo kamili. Kunahitaji namba ya kitu, mwaka wa mwanzo na wa mwisho, msimbo wa mahali, wa aina na wa mada: kama baiti 25. Mara 12,000 ni KB 300, na ikibanwa inashuka zaidi. Tuma hiyo kwanza, mara moja. Maelezo kamili yaje kwa kitu kilichoguswa tu. Vijipicha vya KB 8 vyote kwa pamoja ni MB 96, kwa hiyo vipakuliwe vile vilivyo kwenye kioo wakati huo, 12 au 20, si zaidi. Kummalizia mtu bando ni kumwambia asirudi.

Nukta 12,000 zikichorwa kila moja kama kipengele kinachojitegemea cha ukurasa, simu itakwama. Kuanzia elfu chache tayari inavuta miguu. Zichore zote kwenye turubai moja, au zikusanye kuwa miduara yenye idadi ambayo hupasuka mtu anapokaribia. Ukikusanya, angalia hesabu ya miduara: ukubwa unaoonekana kwa jicho ni eneo. Mduara wa vitu 400 uwe na nusukipenyo mara 2 ya ule wa vitu 100. Ukiuweka mara 4, eneo linakuwa mara 16 na umetia chumvi bila kukusudia.

Pale ambapo intaneti ni ya kubahatisha, mkusanyiko wote unaweza kukaa kwenye kompyuta moja ndogo na ruta, wageni wakaunganisha simu zao bila bando. Picha 12,000 za MB 3 ni GB 36; kadi ya GB 64 inatosha. Ramani ya chini, ile ambayo nukta hukaa juu yake, inahitaji mpango. Ramani za mtandaoni hukatwa vigae vya pikseli 256 kwa 256, na kila hatua ya kukaribia huzidisha idadi mara 4. Eneo la kuanzia latitudo -7 hadi -11 na longitudo 32 hadi 37 linahitaji vigae kama 2,600 kwa hatua ya 12, lakini kwa hatua ya 14 ni karibu 42,000. Ishia 12 kwa eneo zima, na 14 au 15 kwa miji tu. Usivute vigae hivyo kwa wingi kutoka seva za OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwani masharti yao hayaruhusu. Pakua data yenyewe, ambayo ni huru, na utengeneze vigae vyako kwa QGIS, programu ya bure ya ramani.

Vinavyopendeza na havisaidii

Wingu la maneno, ambamo maneno yaliyotumika sana huandikwa makubwa: zuri kwenye bango. Neno refu huonekana kubwa kuliko fupi lenye idadi ileile, na kwa Kiswahili "mkulima", "wakulima" na "kilimo" yatagawana kura. Orodha ya kawaida iliyopangwa kwa idadi inalishinda kila siku.

Nguzo za pande tatu: hapana. Za mbele zinaficha za nyuma.

Mtandao wa nukta na mistari unaoonyesha nani aliandikiana na nani unapendwa na wafadhili. Ukizidi nukta mia chache unafanana na nywele za mtu aliyetoka usingizini. Uonyeshe kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na jirani zake tu.

Mchoro wa mistatili iliyopangwa ndani ya mistatili nautetea. Shneiderman aliubuni mwaka 1990 kutaka kujua nani amejaza diski ya MB 80 iliyotumiwa na watu 14, na kwa swali la namna hiyo, yaani kipi kimekula nafasi, bado sijaona unaoushinda. Mkutubi anayetaka kujua ni kabati lipi limeskaniwa na lipi bado anauelewa kwa sekunde chache.

Kuhusu rangi, usizidishe 6 au 7 kwa aina za vitu, na usitegemee nyekundu dhidi ya kijani, kwani wapo watu, wanaume hasa, wasiozitofautisha. Ujaribu ukurasa nje, saa 7 mchana, juani. Vivuli vya kijivu vilivyopendeza ofisini havitaonekana.

Nafasi tupu

Mchoro unaonyesha mkusanyiko, hauonyeshi nchi. Wilaya isiyo na nukta huenda ilikosa gari la mpiga picha. Picha za Usangu zikiwa za kiangazi tu, jiulize ni miezi gani barabara zake zilipitika. Kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia nukta zitajaa, milimani zitapungua, na mgeni atasoma hapo mambo ya uchumi ambayo hayamo. Ningeweka mstari mmoja wa maandishi chini ya ramani, wa kudumu: vitu vingapi vina mahali, vingapi havina, na makabati mangapi hayajaguswa. Namba hizo 3 zinamwambia mtafiti zaidi kuliko ukurasa mzima wa utangulizi.

Kabla ya kufungua kwa umma, waite watu 5 wasiohusika na ujenzi, mmoja mmoja, na kila mmoja awe na simu yake. Mpe kazi 3. Ya kwanza, atafute kitu mahususi ambacho unajua kipo. Ya pili, akuambie kama kuna chochote kuhusu jambo fulani ambalo hujaweka kama kichujio, tuseme pareto. Ya tatu, akuambie mkusanyiko umepungukiwa nini. Nyamaza, usimwelekeze, tazama kidole. Kazi ya kwanza karibu wote wataiweza. Ya pili itakuonyesha kama kisanduku na mchoro vinasaidiana au vinagombana: mtu akiandika "pareto", je, nguzo na ramani nazo zinajibu, au zimekaa kimya zikionyesha vitu vyote 12,000? Ya tatu ndiyo ngumu, na wengi watashindwa mpaka utakapowawekea kile kitufe cha "Bila mahali" na zile namba 3.

Ukishafungua, hifadhi kila neno lililoleta 0, bila jina wala namba ya aliyeliandika. Mara moja kwa wiki mtu alipitie: "kiazi" liongezwe kwenye safu ya visawe vya viazi mviringo, "mbatata" vilevile, "Wangingombe" lielekezwe panapostahili. Yatakayobaki bila pa kuelekezwa ni orodha ya vitu ambavyo watu wanavihitaji na makabati yako hayana.